Mpango wa dharura wa uchafuzi wa bahari: mwongozo kamili kwa wanafunzi wa pwani

Mipango mingi ya wanafunzi inayopita mikononi mwangu hufia ukurasa wa kwanza. Imejaa maelezo ya madhara ya mafuta kwa samaki, picha za ndege waliopakaa lami, na ahadi ya kuelimisha jamii. Ukiuliza: mafuta yameonekana alfajiri, nani anapiga simu ya kwanza, na anampigia nani? Hapo kikundi kizima kinatazamana.

Mpango wa dharura ni maamuzi mliyoyafanya mapema, wakati vichwa vimetulia, ili siku ya tukio kusiwe na mjadala. Kila ukurasa ujibu mojawapo ya maswali haya: nani, wapi, kwa kifaa gani, na aache lini. Ukurasa usiojibu lolote kati ya hayo utoeni, hata kama umeandikwa vizuri.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya sekondari na vyuo vinavyoandaa mpango wa pwani iliyo karibu nao. Fuateni hatua kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila moja inatumia matokeo ya iliyotangulia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ramani ya pwani yenu iliyochapishwa kwa ukubwa, mizani ya 1:10,000 au karibu na hapo, pamoja na karatasi angavu za kuweka juu yake.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa la mwezi mzima.
- Dira, rula, kipimapembe na kikokotoo.
- Utabiri wa upepo wa siku tatu, na kipima upepo cha mkononi kama kinapatikana.
- Daftari lenye kurasa zilizoshonwa na penseli kadhaa. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu, na kurasa zilizoshonwa hazichomoki wala hazipangwi upya baadaye.
- Simu yenye kamera na inayoonyesha mahali ulipo, pamoja na betri ya akiba.
- Namba za simu za mamlaka ya bandari, mamlaka ya mazingira, walinzi wa pwani, zimamoto, hospitali ya karibu, na viongozi wa wavuvi.
- Viatu vya mpira, vizibao vinavyong'aa, firimbi, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza.
- Mtu mzima mmoja aliyekubali kwa maandishi kuwa msimamizi, na mwingine wa kumrithi asipopatikana.

Msinunue vifaa vya kufyonza mafuta, wala madumu ya sabuni, wala mashine za kupulizia. Vikundi vingi humaliza fedha zao hapo, kisha vinakosa betri ya simu. Sababu ipo kwenye hatua ya kwanza.

## Hatua ya 1: Andikeni kwanza yale ambayo hamtafanya

Mwanafunzi hagusi mafuta. Huu ndio mstari wa kwanza wa mpango wenu, nao hauna "isipokuwa".

Mafuta yaliyotoka kumwagika hutoa mvuke wenye benzini, kemikali inayosababisha saratani. Baadhi ya mafuta ghafi hutoa pia gesi ya salfaidi ya haidrojeni. Gesi hii inanuka kama yai viza ikiwa kidogo, lakini ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa, na mtu hudhani hatari imepita kumbe imezidi. Ndiyo maana harufu haifai kuwa kipimo cha usalama.

Orodha yenu ya makatazo iwe na angalau haya:

- Hakuna mwanafunzi kuingia majini, kupanda boti, au kuingia ndani ya mikoko wakati wa tukio.
- Hakuna kusimama upande ambao upepo unavuma kutoka kwenye mafuta kuja kwenu. Upepo uwapige mgongoni mnapoyatazama.
- Hakuna kugusa mapipa, kontena au mifuko iliyoletwa na maji, hata ikiwa imefungwa vizuri.
- Hakuna kumwosha ndege au kasa aliyepakaa mafuta, wala kumrudisha majini. Manyoya yenye mafuta hayazuii tena maji wala baridi, na mnyama anayeshikwashikwa na watu wasiojua anaweza kufa kwa mshtuko. Andikeni alipo, pigeni picha mkiwa mbali, waiteni wataalamu.
- Hakuna kumwaga sabuni ya aina yoyote juu ya mafuta.

Hilo la mwisho lina ushahidi mzito. Mwaka 1967, meli Torrey Canyon ilipopasuka karibu na pwani ya Cornwall, Uingereza, zilimwagwa takriban tani 10,000 za kemikali za kusafishia ili kuyavunja mafuta. Kemikali zenyewe zikaua viumbe wa miambani kwa wingi, na sehemu zilizopuliziwa sana zilichelewa kupona kuliko zile zilizoachwa na mafuta yake. Kemikali za siku hizi za kutawanya mafuta zina sumu ndogo zaidi, lakini bado ni za wataalamu wenye kibali, tena kwenye maji yenye kina, mbali na matumbawe.

Mtajua hatua hii imekamilika pale mzazi atakapoisoma orodha na kuweza kusema mwanawe atakuwa wapi siku ya tukio.

## Hatua ya 2: Chagueni tukio moja, tena dogo

Kikundi kinachopangia "uchafuzi wowote" hakipangii chochote. Chagueni kitu kimoja kinachoweza kutokea kwenu kweli: boti ya uvuvi inayovuja dizeli, bomba la majitaka lililopasuka, meli iliyokwama na mafuta yake ya injini, kontena la punje za plastiki. Kila kimoja kina tabia yake, na tabia ndiyo inayoamua mpango.

Petroli huyeyuka hewani ndani ya saa chache. Hatari yake ni moto na mvuke. Kazi yenu ni kuwaondoa watu, basi.

Dizeli husambaa haraka kuwa utando mwembamba, na sehemu kubwa hutoweka ndani ya siku chache, lakini ina sumu kali kwa viumbe wa maji ya kina kifupi. Ikimwagika kwenye ghuba iliyofungika, mna saa chache tu za kufanya jambo la maana.

Mafuta mazito ya meli hayatoweki yenyewe. Yananata, na mawimbi huyachanganya na maji yakawa ujiuji mzito wa kahawia ambao ujazo wake unaweza kufika mara tatu au nne ya mafuta yaliyomwagika. Kwa hiyo msishangae mkikusanya mengi kuliko yaliyokuwa melini.

Punje za plastiki haziyeyuki wala haziozi. Meli X-Press Pearl iliposhika moto karibu na Colombo, Sri Lanka, mwezi Mei 2021, punje hizo zilifunika fukwe kwa wingi, na ndani ya meli hiyo hiyo mlikuwa na asidi ya nitriki. Somo lake kwenu: mnachokiona ufukweni kinaweza kuwa sehemu moja tu ya kilichomwagika.

Majitaka mara nyingi hayaonekani kabisa baharini. Hapa mpango unahusu kuwazuia watu kuogelea na kuvuna chaza na kombe, na kuchukua sampuli kupitia maabara.

Kisha gawanyeni tukio lenu katika vipindi viwili: *tahadhari* na *tukio*. Wengi husahau cha kwanza. Meli Wakashio ilipanda mwamba Pointe d'Esny, Mauritius, tarehe 25 Julai 2020, lakini mafuta yakaanza kuvuja tarehe 6 Agosti. Zilipita siku 12. Mpango wenu useme mtafanya nini meli ikiwa imekwama na bado haijavuja, maana hapo ndipo wanafunzi wana nafasi kubwa ya kusaidia bila kukaribia sumu.

## Hatua ya 3: Chora ramani kwa miguu

Tembeeni pwani yote mara mbili: maji ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) yakiwa yamepwa kabisa, na yakiwa yamejaa kabisa. Ramani iliyochorwa kwa kutazama picha za setilaiti peke yake haioneshi njia inayofunikwa na maji mchana, wala lango lililofungwa kwa kufuli.

Gawanyeni pwani katika vipande vya mita 200 hadi 500 na kuvipa namba. Kila kipande kiwe na:

- aina ya ufuko: mwamba, mchanga laini, changarawe, tope, nyasi bahari, mikoko;
- kinachotegemewa na watu: dau na nyavu, mashamba ya mwani, mashamba ya chumvi, bomba linalovuta maji ya bahari;
- viumbe na msimu wao, hasa viota vya kasa;
- njia ya kufika, na kama gari linaweza kugeuza;
- picha nne zenye tarehe, zilizopigwa kutoka sehemu ile ile.

Picha hizo zina thamani kuliko zinavyoonekana. Siku mafuta yakifika, hakuna atakayeweza kuthibitisha ufuko ulikuwaje kabla, na bila ushahidi huo madai ya fidia ya wavuvi hudhoofika.

Sasa pangeni unyeti, yaani ni kwa kiasi gani kila ufuko unadhuriwa na mafuta. Mfumo unaotumika sana duniani hupanga fukwe kutoka 1 hadi 10. Mwamba ulio wazi kwa mawimbi ni 1, kwa sababu bahari yenyewe huuosha. Mikoko na vinamasi vya chumvi ni 10. Mikoko hupumua kwa mizizi iliyochomoza juu ya tope; mafuta yakiziba vinyweleo vya mizizi hiyo, mti hufa polepole, na mafuta hubaki topeni miaka mingi. Watu wakiingia kusafisha, nyayo zao huyashindilia chini zaidi.

Hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko zote: chagueni maeneo matatu tu ya kulinda kwanza. Matatu. Wanafunzi hupenda kupaka rangi nyekundu pwani yote, kwa kuwa kila mmoja ana mahali anapopapenda. Lakini vifaa na watu siku hiyo havitatosha, na ramani yenye wekundu kila mahali humwachia mtu mwingine achague kwa haraka. Kaeni na wavuvi na akina mama wanaookota kombe kabla ya kuamua. Wanajua maji yanaingilia wapi na samaki wanazalia wapi.

Ikiwa mgeni anaweza kuichukua ramani yenu, akaenda mwenyewe hadi kipande namba 7 bila kuuliza njia, ramani imekamilika.

## Hatua ya 4: Hesabuni mafuta yataelekea wapi

Hatua hii ndiyo inayoangusha vikundi vingi, na makosa ni yale yale mawili.

Kanuni ni fupi: mafuta juu ya maji husafiri kwa kasi yote ya mkondo, pamoja na takriban asilimia 3 ya kasi ya upepo. Unachora mshale wa mkondo, unaunganisha mshale wa upepo kwenye ncha yake, kisha unapima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kosa la kwanza ni mwelekeo. Upepo huitwa kwa upande *unakotoka*. Mkondo huitwa kwa upande *unakokwenda*. Upepo wa kusini unayasukuma mafuta kaskazini. Mkondo wa mashariki unayapeleka mashariki. Andikeni kanuni hii pembeni mwa ramani kwa herufi kubwa.

Tufanye mfano. Mafuta yako kilomita 4 kusini mwa ufuko ulionyooka kutoka magharibi hadi mashariki. Mkondo unaelekea mashariki kwa mita 0.5 kwa sekunde. Upepo unatoka kusini kwa mita 10 kwa sekunde.

Asilimia 3 ya 10 ni 0.3. Basi kwa saa moja mafuta yanakwenda kilomita 1.8 mashariki kwa nguvu ya mkondo, na kilomita 1.08 kaskazini kwa nguvu ya upepo. Kufika ufukweni: 4 gawanya kwa 1.08, yaani saa 3.7 hivi.

Kosa la pili linakuja hapa. Kikundi huzidisha 1.8 kwa 3.7, kinapata karibu kilomita 6.7, kisha kinawapeleka watu wote huko mashariki. Kimesahau kwamba mkondo wa maji kujaa na kupwa hugeuka. Tuseme jedwali linaonyesha mkondo utageuka baada ya saa 2, na kwa urahisi wa hesabu urudi kwa kasi ile ile. Saa 2 za kwanza mafuta yanakwenda kilomita 3.6 mashariki. Saa 1.7 zinazobaki yanarudi kama kilomita 3.1 magharibi. Yanagusa ufuko nusu kilomita tu mashariki ya mahali palipoelekeana na chanzo. Tofauti ya makadirio hayo mawili ni zaidi ya kilomita 6.

Maji huenda na kurudi, lakini upepo unaendelea kusukuma upande mmoja. Kwa hiyo mara nyingi upepo ndio unaoamua mafuta yatagusa nchi kavu lini, na mkondo unaamua yatagusa wapi. Hesabuni saa baada ya saa, si kwa mkupuo.

Rudieni zoezi kwa hali nne: upepo wa kila mmoja wa misimu miwili mikuu, kwanza wakati wa bamvua, kisha wakati wa maji mafu (maji yanapojaa na kupwa kidogo). Chora kila jibu kwenye karatasi angavu yake, na badala ya nukta moja wekeni eneo lenye upana, kwa maana upepo wa kweli hautulii. Mkipata kibali, jaribuni kwa machungwa: yanaelea yakiwa karibu yote majini, yanaonekana kwa mbali, yanaoza, na hata wataalamu huyatumia kwenye mazoezi. Yafuatilieni mkiwa nchi kavu na yakusanyeni yote yakifika.

## Hatua ya 5: Kadirieni kiasi kwa kutazama rangi

Mtu atapiga simu kusema "bahari yote imejaa mafuta". Hiyo haimsaidii anayepokea. Rangi inasaidia, kwa sababu inaendana na unene wa utando. Vipimo hivi vinatokana na Mkataba wa Bonn wa nchi za Bahari ya Kaskazini, na vimehesabiwa kwa kila kilomita moja ya mraba:

- mng'ao wa rangi ya fedha (kifedha) au kijivu: lita 40 hadi 300;
- rangi za upinde wa mvua: lita 300 hadi 5,000;
- mng'ao wa metali: lita 5,000 hadi 50,000;
- rangi halisi ya mafuta, yenye mapengo: lita 50,000 hadi 200,000;
- rangi halisi bila mapengo: zaidi ya lita 200,000.

Chukueni doa la kilomita moja ya mraba, asilimia 90 kifedha na asilimia 10 metali. Sehemu ya kifedha ina lita 36 hadi 270. Ile sehemu ndogo ya metali ina lita 500 hadi 5,000. Karibu mafuta yote yamo kwenye sehemu ndogo, na huko ndiko wataalamu watakakotaka kupeleka boti. Kwa hiyo taarifa yenu ioneshe *wapi* ni pazito, kuliko ukubwa wa doa zima.

Angalizo: kivuli cha wingu, mwani unaoelea na nyasi bahari za kina kifupi hufanana na mafuta kwa mbali. Tazameni kutoka sehemu mbili tofauti kabla ya kutuma taarifa.

## Hatua ya 6: Gawanyeni majukumu, kisha andikeni saa ya kwanza

Majukumu sita yanatosha: mratibu, mwandishi wa kumbukumbu, mpiga simu, watazamaji, mlinzi wa usalama, na msemaji. Kila mmoja awe na mrithi. Mlinzi wa usalama ana mamlaka ya kusimamisha kazi yoyote, hata ya mratibu, na asipewe jukumu jingine lolote.

Kisha kila jukumu liwe na kadi moja, upande mmoja, isomeke kwa dakika moja. Hii hapa ratiba ya saa ya kwanza:

Dakika 0–10. Aliyeona anampigia msimamizi mtu mzima. Msimamizi anathibitisha na kuita kikundi. Hakuna anayekwenda ufukweni peke yake.

Dakika 10–20. Mpiga simu anatoa taarifa kwa mamlaka. Taarifa iwe na mambo haya kwa mfuatano huu: jina na namba ya anayepiga, muda wa kuona, mahali, kinachoonekana na rangi yake, urefu na upana, mwelekeo wa upepo, hali ya maji, chanzo kama kinajulikana, na hatua zilizochukuliwa. Kama jambo halijulikani, semeni "halijulikani". Kukisia chanzo, hasa kutaja meli, kunaweza kuwapeleka waokoaji kusiko na kuwaingiza ninyi kwenye kesi.

Dakika 20–40. Watazamaji wawili wawili wanakwenda kwenye sehemu zilizochaguliwa, juu ya mstari wa maji, upepo ukiwa mgongoni. Picha kila dakika 15, kutoka sehemu ile ile.

Dakika 40–60. Mratibu na msimamizi wanachora mwendo wa mafuta kwa upepo na maji ya saa hiyo, wanatuma makadirio, na wanauliza mamlaka: mnataka tufanye nini? Kuanzia hapo ninyi mko chini ya uongozi wao.

Mwandishi atumie saa za mfumo wa 24. Mtu akiandika "saa mbili" kwenye kumbukumbu, baada ya wiki hakuna atakayejua kama ilikuwa 08:00, 14:00 au 20:00.

Fungueni pia ukurasa mmoja unaosema lini tukio linawazidi. Duniani matukio hupangwa kwa ngazi tatu: linaloweza kushughulikiwa na eneo lenyewe, linalohitaji msaada wa jirani, na linalohitaji nguvu ya taifa au mataifa. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 wa kujiandaa na kukabili uchafuzi wa mafuta unazitaka nchi wanachama ziwe na mfumo wa taifa wa namna hiyo. Tafuteni mfumo wa nchi yenu, na mpango wenu uutaje na kuufuata.

## Hatua ya 7: Pangeni kazi ya kila eneo mnalolinda

Kwa kila moja ya maeneo yenu matatu, andikeni mapendekezo ambayo mamlaka inaweza kuyatumia. Ninyi hamtayatekeleza majini, lakini mnaweza kuwaokolea saa nzima ya kupima.

Uzio unaoelea. Kila mpango wa wanafunzi huuchora ukikatiza mlango wa mto kwa mstari ulionyooka. Hautafanya kazi. Mkondo unaougonga uzio moja kwa moja ukizidi takriban mita 0.35 kwa sekunde, mafuta hupita chini yake. Dawa ni kuuweka mshazari. Mkondo ukiwa mita 0.7 kwa sekunde, gawanyeni 0.35 kwa 0.7, mnapata 0.5; pembe yenye saini (sine) hiyo ni nyuzi 30, nayo ndiyo pembe kati ya uzio na mkondo. Mlango wenye upana wa mita 80 utahitaji basi uzio wa mita 160, na ziada ya kupinda. Pimeni mkondo wenu kwa kijiti kinachoelea kwenye umbali wa mita 20, maji yakijaa na yakipwa, na wekeni hesabu kwenye mpango. Onesheni pia mafuta yatakusanyikia ukingo gani, maana huko gari la kunyonya lazima lifike.

Kule Mauritius, wakati wa ajali ya Wakashio, wakazi walishona nyuzio kwa majani ya miwa na vitambaa, na walifanya kazi kwa moyo wa ajabu. Kama mnataka kuwa na ubunifu wa aina hiyo, uingizeni kwenye kipindi cha tahadhari, kabla ya mafuta kufika, kwa kibali, na mkijua kwamba kila mita ya uzio huo itakuwa taka yenye sumu baadaye.

Kusafisha ufuko kabla ya mafuta. Hii ndiyo kazi bora kuliko zote kwa wanafunzi. Ufuko ukiwa bado safi wa mafuta, ondoeni chupa, nyavu kuukuu na magogo, yasogezwe juu ya mstari wa bamvua. Kila kilo ya takataka mliyoiondoa ni kilo ambayo haitageuka taka ya mafuta. Hakikisheni kwanza hakuna viota vya kasa, na acheni kazi mara harufu au mng'ao wa kwanza unapoonekana.

Mikoko. Lindeni mlangoni, msiingie ndani. Ikiwa mafuta yameshaingia, kuyaacha yatolewe na maji yenyewe mara nyingi kunadhuru kidogo kuliko kuingiza watu.

## Hatua ya 8: Taka zitakwenda wapi

Bila jibu hapa, usafishaji wote husimama siku ya pili. Meli Erika ilipozama karibu na Ufaransa mwezi Desemba 1999, zilimwagika takriban tani 20,000 za mafuta, na taka zilizokusanywa zilizidi tani 200,000. Mchanga, mwani, glovu na nguo ndivyo vinavyojaza.

Pendekezeni mahali pa muda palipo juu ya mstari wa bamvua, mbali na visima, penye njia ya lori, na panapoweza kutandikwa turubai nzito. Chora sehemu nne zisizochanganywa: mafuta ya majimaji, mchanga wenye mafuta, takataka zenye mafuta, na vifaa vya kujikinga vilivyotumika. Vikichanganywa, vyote huwa taka ya gharama kubwa kuliko zote.

Msichome wala kufukia.

## Hatua ya 9: Amueni mapema mtaacha lini

Watu waliokasirika husafisha kupita kiasi. Baada ya ajali ya Exxon Valdez huko Alaska mwaka 1989, fukwe zilioshwa kwa maji ya moto yenye kasi kubwa. Zilipendeza machoni, lakini viumbe waliokuwa wamenusurika na mafuta walipikwa na maji hayo, na tafiti zilizofuata zilionyesha fukwe hizo zilichelewa kurudia hali yake.

Kwa kila aina ya ufuko pendekezeni kikomo kinachoweza kuangaliwa kwa macho. Mfano: kwenye mwamba, mafuta hayashiki tena kwenye kitambaa cheupe kinapopanguswa, kwenye mchanga wa kuogelea, hakuna vibonge vinavyoonekana wala mng'ao majini. Mamlaka ndiyo itakayoidhinisha, ila mjadala utakuwa umeanza mahali pazuri.

## Hatua ya 10: Ujaribuni mpango mezani, kisha ufukweni

Kaeni na ramani, kadi na saa ya ukutani. Mtu mmoja ambaye hakuandika mpango asome taarifa kwa sauti, moja kila dakika kumi, bila kuzionesha kabla:

1. Mvuvi ameona mng'ao wa metali kilomita 3 kutoka kipande namba 4.
2. Simu ya msimamizi imezimwa.
3. Upepo umegeuka robo duara.
4. Mtoto ameingia majini kumwokoa ndege.
5. Mwandishi wa habari anauliza ni meli gani iliyosababisha.
6. Mamlaka inataka picha za hali ya kabla za kipande namba 2.

Pimeni mambo matatu: taarifa ya kwanza ilitoka baada ya dakika ngapi, makadirio ya mahali yalikosea kwa umbali gani, na ni mara ngapi mtu alifanya kazi isiyo kwenye kadi yake. La tatu ndilo linaloonyesha kadi mbovu. Taarifa ikizidi dakika 20, msilaumu mpiga simu. Tazameni kwanza kama namba zilikuwa sahihi.

Rudieni ufukweni siku tulivu, mkiwa mmewaarifu mamlaka na majirani kwamba ni zoezi. Kila ujumbe uanze na kumalizika kwa neno "zoezi", ili asije mtu akaita zimamoto kweli.

## Kuurithisha mpango

Wanafunzi huhitimu, na mipango mingi huondoka nao. Nakala moja ikae ofisini shuleni, moja kwa msimamizi, moja kwa kiongozi wa wavuvi, na moja kwa mamlaka ya eneo, zote zikiwa na tarehe ya toleo kwenye jalada. Mwanzo wa kila muhula, mtu mmoja apige namba zote zilizoorodheshwa na kuweka alama ya zilizopokelewa. Mwanzo wa kila mwaka, piga upya zile picha nne za kila kipande, kwa sababu fukwe huhama na mikoko hukatwa. Na kabla wa mwaka wa mwisho hawajaondoka, waendeshe zoezi la mezani wakiwa wamekaa pembeni kimya, wadogo zao wakishika kadi.